Wasichana wawili na kijiti kimoja: mbio za mseto zilivyoingia Olimpiki, na tunavyozitaka Lamu

Katika shule ninayofundisha, wasichana wanaokimbia kwa dhati ni wawili. Nalitanguliza hilo kwa sababu makala haya yote yametokana na hesabu hiyo. Shule yetu ni ndogo, iko kisiwani, na mbio za kupokezana vijiti za wasichana zinataka wakimbiaji wanne. Basi kila tunapovuka kwa mashua kwenda mashindanoni bara, wavulana wangu wanne hushika kijiti, na wasichana wangu wawili huketi chini ya mwembe wakiwalindia wenzao viatu. Mmoja wao, kwa saa yangu ya kupimia, anampita mvulana wangu wa nne.

Mwaka jana nilimwendea msimamizi mmoja wa mashindano nikamwomba turuhusiwe kuweka timu ya wavulana wawili na wasichana wawili, hata kama ni kwa maonyesho tu. Alinisikiliza kwa adabu, akafungua kitabu cha kanuni, akaniambia mbio hizo hazimo. Nikamwambia zimo Olimpiki. Akanijibu, "Mwalimu, Olimpiki ni Olimpiki." Tulipokuwa tukirudi niliyatafakari maneno hayo tangu gati ya Mokowe hadi tukauona mji wa Amu.

Nimeamua kuandika barua. Nataka iwe barua ya hoja, si ya manung'uniko, na hoja haisimami bila kujua mambo yalivyokwenda. Mbio hizo zilifikaje huko juu? Nani aliomba, nani aliamua? Na kwa nini mbio za mseto za uwanjani zilikubaliwa, ilhali zile za nyika, ambazo Kenya ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza, zilifungiwa mlango? Nimetumia miezi kadhaa kulifumua fundo hili, na nililolipata litamfaa kila mwalimu wa michezo mwenye shule kama yangu.

Mbio zenyewe

Tuanze na mbio zenyewe, maana wengi niliowauliza barazani Mkunguni walidhani ni mchezo wa kuchangamsha watazamaji tu. Timu ina watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Kila mmoja hukimbia mzunguko mmoja wa mita 400, kisha humpa mwenzake kijiti ndani ya eneo la mita 20. Kijiti ni kile kile cha siku zote, urefu wa sentimita 28 hadi 30 na uzito usiopungua gramu 50.

Utamu wake uko katika pengo. Rekodi ya dunia ya wanaume katika mita 400 ni sekunde 43.03, aliyoiweka Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini kule Rio mwaka 2016. Ya wanawake ni 47.60, ya Marita Koch tangu mwaka 1985. Tofauti ni sekunde nne na nusu hivi. Ukiigeuza kuwa mita, mwanamume anapomaliza mzunguko wake, mwanamke aliyeanza naye bado ana karibu mita 38 za kukimbia. Kwa macho ya mtu wa Lamu, hayo ni majahazi matatu ya wastani yaliyofungwa omo kwa tezi. Pengo la namna hiyo likifunguka na kuzibwa mara mbili au tatu katika mbio moja, hakuna anayejua nani anaongoza kwa kweli mpaka mita mia ya mwisho.

Mwanzoni kila nchi iliruhusiwa kupanga wakimbiaji wake itakavyo. Katika fainali ya Riadha za Dunia mjini Doha mwaka 2019, Poland iliwaweka wanaume wake wote wawili mwanzo na wanawake mwisho. Kwa mizunguko miwili ilikuwa mbele peke yake, kama jahazi lililopata upepo ambao wengine hawajaupata. Kisha wanaume wa nchi nyingine wakaanza kuwafuata wanawake wake, hatua kwa hatua, na Poland ikamaliza ya tano. Marekani ilishinda kwa 3:09.34, rekodi ya dunia wakati huo, na Allyson Felix akapata dhahabu yake ya 12 ya Riadha za Dunia, moja zaidi ya Usain Bolt. Mashindano ya Olimpiki ya Tokyo yalipofanyika mwaka 2021, Poland ilikuwa imejifunza. Ikaanza na mwanamume, ikafuatisha wanawake wawili, ikamaliza na mwanamume, na ikatwaa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika mbio hizi kwa 3:09.87.

Katika bwawa la kuogelea la Tokyo somo lilikuwa lile lile, kwa uchungu zaidi. Marekani ilimweka Caeleb Dressel, mwogeleaji mwenye kasi kuliko wote siku zile, azibe zamu ya mwisho katika mbio za mseto za mitindo minne. Alipojitosa majini wenzake walikuwa wameshaachwa mbali mno, naye akawafukuza wanawake waliokuwa mbele yake na hakuwafikia. Marekani ikawa ya tano. Uingereza ikashinda kwa rekodi ya dunia.

Tangu Riadha za Dunia za mwaka 2022 mpangilio wa mbio za uwanjani umefungwa: mwanamume, mwanamke, mwanamume, mwanamke. Wako wanaosema utamu wa mafumbo umepotea. Mimi nasema umeongezeka, kwa sababu sasa wanawake ndio wanaozifunga mbio, na wanazifunga dhidi ya wanawake wenzao. Mfano ni Femke Bol wa Uholanzi. Mwaka 2023 mjini Budapest alianguka hatua chache kabla ya utepe, kijiti kikamtoka mkononi, na timu yake ikakosa kila kitu. Mwaka uliofuata mjini Paris alikipokea kijiti akiwa nyuma, akakimbia mzunguko wake kwa sekunde 47.93, akawapita wote katika mnyoosho wa mwisho. Uholanzi dhahabu, 3:07.43. Wasichana wangu wamezitazama dakika hizo tatu kwenye simu yangu mara nyingi kiasi kwamba wanajua Bol anainua kichwa wapi.

Miezi mitatu ya mwaka 2017

Sasa tuje kwenye njia iliyopitwa. Nilipoanza kusoma nilitarajia kukuta maombi ya miaka na miaka, watu wakibisha hodi mpaka mlango ukachoka. Kwa mbio za uwanjani haikuwa hivyo. Mwezi Aprili mwaka 2017, katika mashindano ya dunia ya kupokezana vijiti mjini Nassau, Bahamas, mbio za mseto za mita 400 ziliwekwa kwa mara ya kwanza. Wenyeji walishinda, wakiwa na Shaunae Miller-Uibo na Steven Gardiner kikosini. Mnamo Juni 9 mwaka huo huo, wiki saba hivi baadaye, bodi tendaji ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, iliziingiza katika ratiba ya Tokyo.

Wiki saba! Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa kwa ndani. Mwezi Desemba mwaka 2014 mjini Monaco, IOC ilipitisha mpango wa mageuzi wenye mapendekezo 40, na mawili kati ya hayo ndiyo ufunguo wa fundo letu. La 11 lilisema IOC ishirikiane na mashirikisho ya michezo ili wanawake wafikie nusu ya washiriki, na ihimize mashindano ya timu za wanaume na wanawake pamoja. La 10 liliweka kikomo: Olimpiki ya majira ya joto iwe na wanariadha kama 10,500 na mashindano ya medali kama 310.

Yaweke mapendekezo hayo mawili pamoja uone yanavyobanana. La kwanza linasema ongeza. La pili linasema usiongeze. Kitu gani kinaweza kuongezeka bila kuongezeka? Ni mbio ambazo wakimbiaji wake wameshafika. Nchi iliyopeleka timu ya wanaume na ya wanawake ya mita 400 tayari ina watu wa kuunda timu ya mseto. Hakuna tiketi mpya ya ndege wala kitanda kipya katika kijiji cha wanariadha. Uwanja ni ule ule, waamuzi ni wale wale, na siku inarefuka kwa nusu saa. Medali inazaliwa, na hesabu ya watu haibadiliki.

Naamini hilo ndilo jambo ambalo watu wengi wanaopigania mchezo wao hawalioni. Huenda na picha nzuri, na maneno ya usawa, na video za watoto wenye furaha. Yote ni kweli na yote yanafaa. Lakini mezani penye uamuzi kinachotazamwa kwanza ni karatasi ya hesabu: watu wangapi, vitanda vingapi, siku ngapi, uwanja upi. Ndiyo maana mashindano ya mseto, ambayo Rio mwaka 2016 yalikuwa tisa, yalifika 18 Tokyo na 20 Paris, na katika ratiba ya Los Angeles 2028 ni 25.

Njia ndefu ipo pia, na nimeisoma kwa heshima zaidi. Watu wa triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, walianza kuandaa ubingwa wao wa dunia wa timu za mseto mwaka 2009. Mwaka 2010 wakauonyesha kwenye Olimpiki ya Vijana huko Singapore. Mwaka 2014 ukaingia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow. Kila hatua ilikuwa ushahidi wa kupeleka kwenye hatua iliyofuata, kwamba nchi ndogo zinaweza, kwamba watu wanatazama, kwamba hakuna wakimbiaji wapya wanaohitajika. Waliingia Tokyo katika uamuzi ule ule wa Juni 2017, baada ya miaka minane ya kufululiza. Wenye haraka watapenda mfano wa wiki saba. Mimi, nikikumbuka lile jibu la "Olimpiki ni Olimpiki", naufuata huu wa miaka minane.

Zile zilizokataliwa

Hapa pananiuma, na nadhani kila Mkenya anayejua habari hii panamuuma.

Mwezi Machi mwaka 2017, kabla hata ya Nassau, Mbio za Nyika Duniani zilifanyika Kololo, Kampala. Kwa mara ya kwanza ziliwekwa mbio za mseto za kupokezana, wanaume wawili na wanawake wawili, kila mmoja kilomita mbili hivi za milima na nyasi. Kenya iliwapeleka Asbel Kiprop, Winfred Mbithe, Bernard Koros na Beatrice Chepkoech, ikashinda. Ethiopia ya pili, Uturuki ya tatu. Katika mashindano manne ya kwanza Kenya ilichukua dhahabu tatu: Kampala, kisha Bathurst nchini Australia mwaka 2023 ikiwa na kijana Emmanuel Wanyonyi ambaye mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 800, halafu Belgrade mwaka 2024. Aarhus mwaka 2019, Ethiopia ilipotupokonya, tulipata shaba.

Shirikisho la Riadha Duniani, likiongozwa na Sebastian Coe, lilitaka mbio za nyika zirudi Olimpiki. Zilikuwapo zamani. Mara ya mwisho zilikimbiwa Paris mwaka 1924, siku ya joto kali ambayo kati ya wakimbiaji 38 ni 15 tu waliofika mwisho, na Paavo Nurmi wa Ufini akiwa wa kwanza. Michezo ilipokuwa inarudi Paris baada ya miaka mia moja, shirikisho likapendekeza mbio za nyika za mseto, nchi 15, kila nchi mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wakipokezana. Wazo lilikuwa zuri, lilikuwa na historia, na lilikuwa na usawa ndani yake.

Desemba 2020 IOC ikasema hapana.

Kwa nini? Rudi kwenye karatasi ya hesabu. Kwa Paris kikomo cha 10,500 kilisimamiwa kwa ukali kuliko wakati wowote, kutoka nafasi 11,092 za Tokyo. Mashindano ya medali yakapunguzwa kutoka 339 hadi 329. Riadha yenyewe ilinyang'anywa nafasi. Katika mwaka wa kukata, aliyekuja na ombi la kuongeza alikuwa anaogelea dhidi ya mkondo wa maji. Tena mbio za nyika zinataka njia yake nje ya uwanja, kamba zake, waamuzi wake. Faida iliyozibeba zile za mita 400, kwamba kila kitu kimeshakuwapo, hizi hazikuwa nayo.

Mashindano mapya ya mseto ambayo riadha ilipata Paris yalikuwa ya kutembea kwa kasi, mwanamume na mwanamke wakipokezana umbali wa marathoni. Hayo yalipita kwa sababu kulikuwa na kitu cha kutoa: kilomita 50 za kutembea, ambazo zilikuwa za wanaume peke yao bila mwenza wa wanawake. Likatoka moja, likaingia moja. Álvaro Martín na María Pérez wa Uhispania wakashinda. Na kwa Los Angeles? Yameondolewa tena, na mahali pake zimeingia mbio za mseto za mita 100 kwa wakimbiaji wanne, ambazo zilionyeshwa mara ya kwanza Guangzhou mwezi Mei 2025, Canada ikishinda kwa sekunde 40.30. Yaani mchezo unaweza kuingia Olimpiki, ukatoa bingwa mmoja, ukatoka.

Kuna majaribio mengine ambayo hayakufika hata huko. Yokohama mwaka 2019 na Silesia mwaka 2021 ziliwekwa mbio za mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wakipokezana mita 400 mara mbili mbili. Silesia, Naomi Korir na Ferguson Rotich waliiletea Kenya medali ya fedha nyuma ya Poland. Nilizipenda sana mbio zile. Kwa shule yangu zingefaa kuliko zote.

Coe hajakata tamaa juu ya nyika. Amekuwa akisema ziingizwe katika Olimpiki ya majira ya baridi, ambako nafasi ziko na ambako nchi za Afrika karibu hazionekani. Kizuizi ni kwamba katiba ya Olimpiki inasema michezo ya baridi ni ile inayochezwa juu ya theluji au barafu. Tangu Juni 2025 rais wa IOC ni Kirsty Coventry wa Zimbabwe, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho, na aliyeshindwa naye katika uchaguzi ule ni pamoja na Coe mwenyewe. Mwafrika mwenzetu kukaa pale hakuifuti karatasi ya hesabu. Lakini angalau anayeisoma anajua mbio za nyika ni nini kwa mtoto wa Iten au wa Bekoji, Ethiopia.

Nani hasa anafaidika

Swali lililonitatiza zaidi ni hili: je, mbio za mseto ni usawa wa kweli, au ni njia rahisi ya kujaza nambari? Hoja ya wanaozitilia shaka ina uzito. Nchi ikiwa na mwanamke mmoja hodari, sasa atakimbizwa mbio zake, za wanawake wanne, na za mseto, siku moja baada ya nyingine. Bol alianguka Budapest jioni ile ile ya ufunguzi, na mbio zake za viunzi zilikuwa bado mbele yake. Na mbio za mseto zikihesabiwa kuwa ni za wanawake, mtu anaweza kusahau kwamba nusu ya timu ni wanaume.

Nakubali hayo. Kisha natazama orodha ya washindi, na ninaona kitu kingine. Jamhuri ya Dominika, nchi ya watu takriban milioni 11, ilitolewa katika mchujo wa Tokyo kwa kosa la kupokezana, ikakata rufaa, ikarudishwa, ikapata fedha. Mwaka uliofuata ikawa bingwa wa dunia. Bahamas ilishinda Nassau. Bahrain ilipata shaba Doha. Kasarani, mwaka 2021, katika Riadha za Dunia za chipukizi zilizofanyika hapa kwetu Nairobi, Nigeria ilitwaa dhahabu na India shaba. Nchi kama hizi hupata taabu kukusanya wanawake wanne wa kiwango kimoja, au wanaume wanne. Wawili na wawili wanapatikana.

Wawili na wawili. Hapo ndipo nilipoiona shule yangu. Faida kubwa ya mbio za mseto, kwa jinsi ninavyoziona, ni ya kila mahali padogo ambapo watu hawatoshi. Kisiwa cha Pate kina shule ambazo zikitaka kwenda mashindanoni husubiri maji yajae ndipo mashua ipite Mkanda. Kila kiti ndani ya mashua kina bei. Ukimwambia mwalimu wa huko aongeze wasichana wawili ili afikishe wanne, unamwambia aongeze nauli, chakula na godoro. Ukimwambia achanganye aliokuwa nao, humwambii aongeze chochote. Ni hesabu ile ile ya IOC, ila yetu ni ya mashua.

Maswali ya nyumbani

Kuna swali ambalo vitabu vya kanuni havina, nami siwezi kulikwepa nikiandika kutoka Lamu. Jioni moja mama wa mmoja wa wasichana wangu alinisimamisha kwenye usita wa mui, yaani njia kuu ya mji wetu. "Masalkheri, mwalimu," akasema. "Naambiwa mwataka wanetu wakimbie na wavulana."

Nikamjibu, "Masalkheri, mama. Timu ni moja, lakini katika kila mzunguko atakimbia na wasichana wenzake." Nikamweleza mpangilio wa siku hizi, na kwamba kinachopita kati ya mvulana na msichana ni kijiti, mkono haugusi mkono. Akauliza kuhusu mavazi. Nikamwambia kanuni za riadha hazimkatazi mtu kujifunika, na kwamba Sarah Attar wa Saudia alikimbia mita 800 Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa amefunika kichwa, uwanja mzima ukimshangilia mpaka mwisho. Sikumficha kwamba kwingine mambo ni magumu: Sounkamba Sylla, mkimbiaji wa vijiti wa Ufaransa, alizuiwa kuvaa hijabu katika sherehe ya ufunguzi ya Paris 2024 na nchi yake mwenyewe, akaishia kuvaa kofia. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi avae suruali ndefu na mtandio uliofungwa vizuri, nami nitakuja kutazama."

Nasimulia hili kwa sababu wanaoandika juu ya wazazi wa pwani mara nyingi huwafanya kuwa ukuta. Huyu aliuliza maswali mawili ya maana, akapata majibu, akaamua. Niliyeogopa kuuliza mapema nilikuwa mimi.

Mchanga wa Shela

Wiki ya bamvua iliyopita tulifanya jaribio. Maji yalikupwa mbali, mchanga wa Shela ukabaki mpana na mgumu, na shule jirani ikaja na timu yake, wawili na wawili. Tulipima mita 200 kwa kamba ya fundi, tukachomeka mti, kila mmoja akawa anakwenda na kuzunguka na kurudi. Kijiti kilikuwa kipande cha ufito wa mkoko alichotukatia fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza paa, sentimita 29, nimekipima. Mpangilio ulikuwa ule wa Riadha za Dunia.

Msichana wangu wa kwanza alipokea kijiti akiwa mbele, akapitwa kwenye mti, akalipa katika mita 50 za mwisho. Mvulana wangu wa pili akapoteza hatua kama sita. Yule wa mwisho, anayempita mvulana wangu wa nne, alianza nyuma, na alipouzunguka mti nilimwona akiinua kichwa mahali pale pale Bol anapoinua. Walimaliza pamoja kiasi kwamba mimi na mwalimu mwenzangu hatukukubaliana, tukaandika sare. Watu waliokuwa wakipita kwenda majumbani walisimama. Manahodha wawili walishuka kutoka kwenye mashua yao kuja kuuliza mbio nyingine ni lini.

Nyakati za kila mmoja nimeziandika na kuziambatisha kwenye barua. Ndani yake nimeeleza kwamba hatuombi kiti kipya ndani ya mashua, wala godoro, wala sahani ya chakula. Nimetaja Nassau na miaka minane ya triathloni. Na kwa kuwa nimejifunza kwamba anayetaka kuingiza kitu ni vizuri aje na cha kutoa, nimependekeza mbio za walimu zinazowekwa kila mwaka kabla ya kugawa zawadi ziondolewe. Huchukua dakika 15. Mimi huzikimbia kila mara na nazipenda. Dakika hizo 15 zinatosha mchujo mmoja na fainali ya timu nane.

Barua iko tayari. Wazazi wa wasichana wote wawili wametia sahihi, na mwalimu wa shule jirani pia. Jumatatu nitaipeleka mwenyewe Mokowe, kwa boti ya saa moja asubuhi.